Nyoka wa Voi anayeishi Ohio

Jirani yangu hapa Columbus anafuga nyoka wawili. Mmoja wanamwita nyoka wa mahindi, mwekundu wa madoa, mzaliwa wa kusini-mashariki mwa Marekani. Wa pili ni wa kwetu kabisa: yule mfupi mnene, mkia butu, anayejifukia mchangani akabakiza macho tu. Madukani anauzwa kwa jina la boa wa mchangani wa Kenya. Kwetu Voi akionekana uani ni kelele, jembe, basi. Huku ana tangi la kioo, mkeka wa umeme wa kumpasha joto, na panya aliyegandishwa, anayeyeyushwa kwenye maji ya moto kisha kuning'inizwa kwa koleo mbele ya pua yake.

Kazini wenzangu huniuliza mbona sisi Waafrika tunaogopa nyoka hivyo. Swali hilo huniudhi. Hao wanaopendwa huku, nyoka wa mahindi, boa, chatu mdogo wa Afrika Magharibi, wote hawana sumu, na wengi wamezaliwa ndani ya masanduku. Mtoto wa kwetu anayekwenda choo cha nje usiku bila tochi hachaguliwi nyoka wa kumkanyaga. Akiwa ni bafe, hospitali yenye dawa ya sumu iko mbali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa nyoka huua watu 81,000 hadi 138,000 kila mwaka. Basi tusichekwe.

Na mapenzi yao nayo yana vituko. Kuna chatu waliozalishwa kwa ajili ya michoro ya ngozi, wakaitwa buibui. Wanazaliwa na kasoro ya mishipa ya fahamu, kichwa kinayumba, wakilenga panya wanakosa. Bado wananunuliwa, eti warembo! Huko Florida chatu wa Burma waliotoroka au kutupwa na wenyewe wamejaa vinamasi vya Everglades, wakafyeka sungura na rakuni. Serikali ilipopiga marufuku kuwaingiza nchini, mwaka 2012, maji yalikuwa yameshamwagika.

Ila jembe letu nalo halibagui, na hapo nawalaumu watu wangu. Huyu wa mchangani hana sumu, na chakula chake ni panya walewale wanaotumalizia mahindi ghalani. Bafe, swila na koboko mtoto anaweza kufundishwa kuwatambua. Pale Makumbusho ya Nairobi kuna bustani ya nyoka. Ziara za shule zinazokwenda kutazama simba zipitie na hapo.