Mfamasia asiishie dirishani

Sensa ya Nyuzilandi ya 2023 ilihesabu watu 442,632 wenye asili ya visiwa vya Pasifiki: Wasamoa, Watonga, watu wa Visiwa vya Cook, wa Niue na wengineo. Wengi wako Auckland, hasa kusini mwa jiji. Kila afya yao inapojadiliwa, kilio ni kimoja: madaktari hawatoshi. Ni kweli, lakini kazi nyingi inayowakwamisha wagonjwa hawa haihitaji daktari hata kidogo.

Chukua jongo, linalowaandama mno wanaume wa Kipasifiki. Kidole gumba cha mguu huvimba usiku hata shuka likikigusa ni mateso. Mgonjwa anameza dawa ya maumivu, uvimbe unashuka, anarudi kazini. Kusema anaona haya, maana amezoea kuambiwa ni ulafi na pombe. Kumbe urithi una mkono mkubwa: wengi wana aina ya jeni ya ABCG2 inayozuia mwili kutoa ipasavyo asidi ya yuriki, ambayo ikizidi huleta jongo. Allopurinol, inayoshusha asidi hiyo, ni dawa ya kila siku, na dozi hupandishwa kidogo kidogo huku damu ikipimwa, mpaka asidi ishuke chini ya milimoli 0.36 kwa lita. Daktari mwenye dakika 15 kwa kila mgonjwa atamfuatilia saa ngapi? Mfamasia anaweza. Anamtoboa kidole, anasoma kipimo, anarekebisha dozi kwa mwongozo waliokubaliana na daktari, kisha anampigia simu asiporudi. Huko huko kusini mwa Auckland wafamasia na wauguzi wameshaifanya kazi hii.

Vivyo hivyo mtaalamu wa miguu, anayegusa nyayo za mgonjwa wa kisukari kwa uzi wa nailoni na kuuliza, "Unahisi?" kabla kidonda hakijafika kwenye kukatwa mguu.

Fuimaono Karl Pulotu-Endemann, mtaalamu wa afya mwenye asili ya Kisamoa, katika mfano wake wa Fonofale, aliichora afya kama nyumba ya Kisamoa ambayo msingi wake ni familia. Basi mtaalamu wa lishe azungumze na bibi anayepika taro (magimbi) na tui la nazi, asimkabidhi mgonjwa karatasi ya vyakula vya kigeni.

Kikwazo ni fedha. Kliniki hulipwa kwa idadi ya walioandikishwa, na zikishalipa daktari na muuguzi, kwa wengine hubaki kidogo. Serikali itenge mishahara ya wataalamu hawa moja kwa moja, na iwasomeshe vijana wa Kisamoa na Kitonga fani hizo, ianzie Ōtara na Māngere, vitongoji vya kusini mwa Auckland.