Rasimu ya mwanafunzi inahitaji vigezo kuliko alama

Katika vyuo vyetu vya Lubumbashi mwanafunzi huandika kazi yake kwa Kifaransa, huipeleka kuchapwa kwenye sekretariati iliyo jirani na chuo, humkabidhi asistanti (mwalimu msaidizi wa kozi), kisha hungoja alama juu ya 20. Ikirudi na 11, atakachosoma ni hiyo 11. Maneno yaliyoandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu, hata yawe mengi na ya haki, hayamfai tena, kwa kuwa kazi imekwisha kuhukumiwa na hakuna atakayeirudia. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya jasho tunalomwaga katika kusahihisha ingepaswa kuhamia kwenye rasimu, na rasimu hiyo irudishwe ikiwa na maoni yanayofuata vigezo, bila alama yoyote.

Mtafiti wa elimu Ruth Butler alilichunguza jambo hili kwa wanafunzi wa shule nchini Israeli, katika utafiti uliotolewa mwaka 1988. Waliopewa maoni peke yake waliendelea vizuri kuliko waliopewa alama, na waliopewa vyote viwili kwa pamoja hawakufaidika na maoni yale. Hao walikuwa watoto, lakini yeyote aliyewahi kugawa kazi mbele ya promosheni nzima, yaani wanafunzi wote wa mwaka mmoja, amewaona watu wazima wakifanya vivyo hivyo: wanageuza karatasi kutafuta namba, wanaulizana wamepata ngapi, basi.

Vigezo vyenyewe tunavyo, ila mara nyingi vinabaki kichwani mwa mwalimu. Ikiwa katika alama 20 uchambuzi una 7 na lugha ina 3, mwanafunzi anastahili kulijua hilo siku anayopewa kazi, la sivyo atakesha akirekebisha tahajia ya Kifaransa huku hoja yake ikibaki tupu. Kwetu hatari hii ni kubwa zaidi, kwa sababu lugha ya kazi siyo lugha ya nyumbani, na mwalimu mwenyewe huvutwa na makosa ya sarufi kwa kuwa ndiyo yanayoonekana upesi.

Tuchukue mfano wa rasimu juu ya bei ya makala (makaa) ya kupikia, ambamo mwanafunzi ameandika kwamba familia za Katuba, komuni ya Lubumbashi, hutumia makala kwa sababu ya umaskini. Msahihishaji mwenye haraka ataandika pembeni, «Uchambuzi hautoshi.» Maneno hayo yametoka kwenye orodha ya vigezo, lakini hayamwambii mwanafunzi afanye nini kesho asubuhi. Mimi ningeandika hivi: «Kigezo cha uchambuzi kinataka kila sababu unayoitaja itokane na data ulizokusanya. Jedwali lako linaonyesha bei tu. Je, wenye mishahara uliowahoji hawapiki kwa makala umeme unapokatika? Rudi kwenye majibu yao kabla ya kutaja umaskini.» Sijamtafunia jibu wala sijamwandikia sentensi upya. Nimemwonyesha mahali, kigezo na hatua inayofuata, na kazi bado ni yake.

Mtaalamu wa elimu D. Royce Sadler alieleza mwaka 1989 kwamba mwanafunzi hawezi kuboresha kazi yake asipokuwa na picha ya kiwango kinachotakiwa, akailinganisha na alichoandika, kisha akajua njia ya kupunguza tofauti hiyo. Picha hiyo haipatikani kwa kubandika karatasi ya vigezo ukutani. Wapewe kazi ya zamani isiyo na jina, waisahihishe wenyewe kwa vigezo vilevile, wabishane. Mabishano hayo yafanyike kwa Kiswahili bila aibu, maana anayeweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini aya fulani imestahili 2 na siyo 5 amekielewa kigezo, na Kifaransa cha kuiandika atakitafuta baadaye.

Najua jibu la wenzangu: promosheni ni kubwa mno, na asistanti ni mmoja. Hoja hiyo ni nzito, na haifai kujibiwa kwa kumtaka mtu avunjike mgongo. Ndiyo maana napendekeza kila rasimu ipewe maoni juu ya vigezo viwili tu, vile vinavyoiangusha zaidi, na makosa yanayorudiwa na wengi yaelezwe mara moja darasani. Mfumo wa LMD (Licence, Master, Doctorat) tuliouingia unahesabu kazi binafsi ya mwanafunzi ndani ya krediti zake, kwa hiyo muda wa kurekebisha rasimu ni sehemu halali ya kozi, na tarehe ya kuikabidhi iandikwe kwenye mpango wa kozi tangu mwanzo.

Kazi ya mwisho nayo iambatane na nusu ukurasa ambao mwanafunzi anaeleza ni maoni gani aliyoyafuata, yapi aliyoyakataa, na kwa nini. Msahihishaji akianza na nusu ukurasa huo atajua aelekeze macho wapi, na mwanafunzi aliyekataa pendekezo langu kwa sababu zinazotoka kwenye data zake nitampa alama za uchambuzi kwa kukataa huko.