Sisi tuko ughaibuni, wao wako uhamishoni

Wabongo wenzangu hapa Köln, Ujerumani, tunapenda kusema tuko uhamishoni. Nami nilisema hivyo miaka mingi, mpaka nilipoalikwa harusi ya Wakurdi, watu wa Mashariki ya Kati wasio na nchi yao wenyewe.

Ukumbi ulifurika. Watu wameshikana vidole vya mwisho, bega kwa bega, anayeongoza mstari anapunga leso. Ukapigwa wimbo wa mwimbaji wao Şivan Perwer, "Kîne Em", yaani "Sisi ni nani", maneno ya mshairi Cegerxwîn. Mzee niliyekaa naye akaweka kijiko chini, akasimama, mkono kifuani, akauimba wote. Baadaye akanisimulia: kwao kaseti za Şivan zilikaa ndani ya gunia la ngano, zikatolewa usiku tu, sauti chini, mtoto mmoja akilinda mlangoni.

Şivan alikimbia Uturuki mwaka 1976, akaja huku Ujerumani. Alikanyaga tena Diyarbakır, mji mkubwa wa Wakurdi huko Uturuki, mwaka 2013, miaka 37 baadaye. Katikati hapo Uturuki ilipitisha sheria ya 1983 iliyozuia kutangaza na kuchapisha kwa Kikurdi, ikafutwa 1991. Mimi je? Niliondoka Tanga kutafuta maisha. Nikitamani taarabu nafungua redio ya nyumbani kwenye simu, na mama anasikiliza wimbo huohuo jikoni, dirisha wazi. Sijawahi kuambiwa lugha yangu ni kosa.

Wapo wanaosema nyimbo hizi ni siasa tupu. Sikubaliani nao hata kidogo. Ukimnyima mtu lugha yake, hata wimbo wa kumbembeleza mtoto unageuka siasa. Mwimbaji Ahmet Kaya wa Uturuki alisema tu, mwaka 1999 kwenye hafla ya tuzo Istanbul, kwamba atarekodi wimbo kwa Kikurdi. Akarushiwa uma na visu. Akahamia Paris, akafia huko mwaka uliofuata, na kaburi lake liko kwenye makaburi ya Père Lachaise mjini humo.

Anayeniuma zaidi ni Aram Tigran, Mwarmenia aliyeimba Kikurdi maisha yake yote. Aliomba azikwe Diyarbakır. Ikakataliwa. Mwaka 2009 akazikwa Brussels, udongo wa Diyarbakır ukaletwa kaburini kwake.

Sisi tukifiwa huku, tunachangishana. Mwaka jana alitutoka mwenzetu. Kikundi cha simu kikachanga usiku kucha, karatasi zikapatikana, na siku ya tisa tukapigiwa simu kwamba ameshazikwa Korogwe, kando ya baba yake.