Pilau au ugali wa uwele? Ubishi wa meza ya Krismasi Dodoma

Krismasi iliyopita kwetu Dodoma ulizuka ubishi ambao mpaka leo haujaisha. Wifi yangu, mke wa kaka, ni mtu wa Tanga, na pilau yake aliianza alfajiri. Mama naye, bila kumwambia mtu, alikuwa amekuja na unga wa uwele na kifuko cha mlenda mkavu kutoka kijijini. Tuliporudi kanisani akaingia jikoni, akasonga, akaleta bakuli la ugali wa kijivu na mlenda wa karanga, akaviweka kando ya sinia la pilau. Kaka akaguna, "Mama, hata leo?" Mama akamjibu, "Leo ndiyo siku yenyewe." Hapo meza ikagawanyika.

Hoja ya kaka haipaswi kudharauliwa. Yeye anasema chakula cha sikukuu ni kile usichokila kila siku, na mtu wa Dodoma ana sababu ya kusema hivyo. Mvua yetu kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 600, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Ndiyo maana wazee walishikamana na uwele na mtama, nafaka zinazovumilia ukame ambao mahindi hayauwezi. Ulikula ugali wa uwele mchana, ukaula usiku, na kesho ukaamkia huohuo. Tena Krismasi inaangukia msimu wa kupanda, wakati mavuno ya katikati ya mwaka yameshapungua ghalani na mama anaanza kupima unga kwa jicho kali. Katika nyumba ya namna hiyo, harufu ya bizari na mdalasini ilikuwa tangazo. Nakumbuka tukiwa wadogo tulikuwa tukisimama mlangoni mwa jiko tukimtazama mama akipalia makaa juu ya mfuniko, na hakuna aliyethubutu kwenda kucheza mbali. Kumwambia mtu aliyekula uwele mwaka mzima kwamba siku ya Krismasi ale uwele ni kumnyima furaha aliyoingojea miezi kumi na miwili.

Lipo na jambo la jikoni ambalo wanaume mezani hawakulitaja, lakini wifi alilitaja. Pilau inasubiri. Ukishaipalia makaa, ibada irefuke, wageni waje kwa mafungu, mmoja afike saa saba na mwingine saa kumi, bado utampakulia chakula cha moto kutoka sufuria ileile. Ugali hausubiri mtu. Ukipoa unakuwa mgumu, na kwa wageni arobaini itakubidi usonge sufuria tatu au nne huku jasho likikutoka, ukiwa na gauni la kanisani. Anayedai uwele uwepo mezani lazima aseme pia nani atashika mwiko.

Upande wa mama ulipata watetezi, ila baadhi yao waliutetea vibaya. Mjomba alisema pilau si chakula chetu, mchele ni wa watu wa Pwani. Hapo sikukubaliana naye. Mchele unalimwa Bahi, hukohuko Dodoma, na magunia yake tunayaona sokoni. Na tukianza kuulizana asili, hata mahindi tunayosagia sembe mababu zao walitoka bara la Amerika, na viazi vivyo hivyo. Uwele kweli ni nafaka ya Afrika, lakini chakula hakipewi kiti kwa cheti cha kuzaliwa.

Watetezi wengine walikuja na afya: uwele una madini ya chuma, una nyuzinyuzi, unafaa wenye kisukari. Madini yapo kweli, na nyuzinyuzi zipo. Lakini ukimpakulia mtu chakula kama dawa siku ya sherehe, umeshakiharibu kabla hajanawa mikono.

Hoja iliyonishika mimi inatoka kwenye kanuni ya kaka mwenyewe. Kama chakula cha sikukuu ni kile kisicholiwa kila siku, basi tuangalie nyumba zetu za mjini zinakula nini. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini mji ulibadilika sana Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi kuanzia 2016, na 2018 ukawa jiji. Jirani zetu sasa ni Wahaya, Wachaga, Wanyakyusa, na kila mmoja kaja na chungu chake. Watoto wa kaka wanakula wali mara tatu au nne kwa wiki. Pilau wanaila kwenye kila harusi na kila kipaimara. Uwele? Mara ya mwisho kabla ya siku ile ilikuwa walipokwenda kijijini kwa bibi yao. Kwa hesabu hiyo, kitu adimu mezani siku ile kilikuwa kwenye bakuli la mama. Kaka aliposikia hivyo alicheka, lakini jibu hakuwa nalo.

Na huo mlenda si wa kubabaisha. Majani huchumwa wakati wa mvua, huanikwa, hutwangwa yakawa unga unaokaa muda mrefu. Mama alichemsha maji na magadi kidogo, akanyunyiza ule unga taratibu huku akikoroga, halafu akatia karanga zilizotwangwa. Akaunyanyua mwiko juu: mlenda ukavutika kama uzi bila kukatika. "Ukikatika, umekosea magadi," akamwambia binti wa kaka aliyekuwa amesimama pembeni. Mtoto ana miaka kumi na mbili, na hilo alikuwa hajawahi kulisikia. Nikajiuliza, kama hatalisikia siku ambayo ukoo mzima uko nyumbani, atalisikia lini?

Kwa hiyo nasimama wapi? Kijijini, kwa mtu ambaye uwele ni wa kila siku, pilau iachiwe Krismasi yake na asisumbuliwe na sisi wa mjini tuliokumbuka mila baada ya kushiba. Mjini, uwele uwe mezani tarehe 25, palepale kando ya sinia. Kuna waliopendekeza tuusogeze tarehe 26, wageni wakishaondoka. Mimi sitaki. Chakula kinachoandaliwa baada ya wageni kuondoka, watoto watajifunza kukionea haya. Na kisongwe kidogo, bakuli moja au mawili, kwa wanaoutaka, ili asiwepo mtu wa kuumia jikoni. Mwiko ashike yeyote mwenye mikono, kaka akiwemo.

Umebaki ubishi wa viazi ndani ya pilau. Kaka anasema viazi vinadanganya: vinachukua rangi ya nyama, unavamia kipande kumbe kiazi. Wifi anasema kiazi ndicho kinachonywa supu na viungo vyote, na anayekibagua hajui pilau. Mwaka huu unga wa uwele nimeshaununua soko la Majengo, na wifi ameomba mama amfundishe kuusonga. Kwenye viazi, niko naye.