Bei ya mzungu imehamia Paris

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mgeni wangu, mwalimu mstaafu kutoka Lyon, hadi kwenye lango la hifadhi moja ya kaskazini mwa Tanzania. Mimi nikapewa namba ya malipo ya shilingi, yeye akapewa ya dola. Mama yule aliitazama karatasi yake, akachungulia ya kwangu, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha vitabuni: "Kwa nini simba wako ni rahisi kuliko simba wangu?" Tukacheka, karani naye akacheka, mama akatoa kadi akalipa. Garini nikamweleza habari za mlipakodi na mgeni. Alinisikiliza kwa adabu zake zote za ualimu, ila sidhani kama nilimshawishi.

Nimemkumbuka sana mwaka huu. Tangu tarehe 14 Januari 2026 jumba la makumbusho la Louvre lina viingilio viwili. Raia na wakazi wa nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya, yaani Umoja wa Ulaya pamoja na Norway, Iceland na Liechtenstein, wanalipa euro 22. Wengine wote, tuwe Watanzania, Wamarekani, Wajapani au hao Waingereza waliojitoa wenyewe kwenye Umoja, tunalipa euro 32. Kasri la Versailles, kasri la Chambord na kanisa la Sainte-Chapelle lenye vioo vya rangi nayo yamefuata mkondo huo, kila mahali kwa kiwango chake. Kwa sisi tuliokulia kwenye bei ya mzungu, mtindo wenyewe si mgeni. Kigeni ni kwamba safari hii wazungu ni sisi.

Niseme mapema kuwa kwenye suala la bei mbili hatuna mdomo mrefu. Serengeti humtoza mgeni dola 70 kwa siku msimu wa watalii wengi, kabla ya VAT, na raia wa Afrika Mashariki shilingi 10,000. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara 15. Louvre wamemwongezea mgeni chini ya nusu ya bei ya mwenyeji. Ukisikia mtu wa kwetu anapiga kelele za ubaguzi, mkumbushe ule mkuki wa nguruwe.

Tena hoja yao ndiyo ileile niliyompa mama wa Lyon garini: nyumba ni ya umma, kodi ya Mfaransa imeshailipia kabla hajafika dirishani, na mgeni aje achangie. Zaidi ya theluthi mbili ya wanaoingia Louvre ni wageni, na nyumba imechoka. Piramidi ya vioo ya mlangoni aliyoibuni msanifu I. M. Pei, iliyozinduliwa mwaka 1989, ilipangwa kupokea watu wapatao milioni 4 kwa mwaka; mwaka 2024 walipita milioni 8.7. Januari 2025 mkurugenzi wa wakati huo, Laurence des Cars, alimwandikia waziri wa utamaduni barua iliyovuja magazetini: maji yanapenya ndani, joto linapanda na kushuka kiasi cha kuhatarisha kazi za sanaa, vyoo na sehemu za kula havitoshi, na piramidi yenyewe jua likiwaka inageuka kitalu nyumba. Juni mwaka huohuo wafanyakazi waligoma ghafla kwa sababu ya msongamano, watalii wakabaki uani na tiketi zao. Oktoba 19 ikaja ile aibu kubwa. Wezi waliegesha lori la kupandishia fanicha chini ya dirisha, wakapanda, na kwa muda usiofika dakika nane wakaondoka na vito vinane vya kifalme vilivyokadiriwa kuwa na thamani ya euro milioni 88.

Rais Macron alikuwa ameshatangaza ukarabati mkubwa Januari 2025: lango jipya upande wa mashariki, na Mona Lisa kuhamishiwa chumba chake chenye tiketi yake. Fedha zinazohitajika ni mamia ya milioni za euro. Euro 10 za ziada za mgeni zilikadiriwa kuleta kati ya milioni 15 na 20 kwa mwaka. Si haba. Ila Cour des comptes, ambayo kwa Wafaransa hufanya kazi inayofanana na ya CAG wetu, ilitoa ripoti Novemba 2025 ikisema kwamba kwa miaka mingi Louvre ilipendelea kununua kazi mpya kuliko kutengeneza jengo na kuimarisha usalama. Kwa hiyo mgeni hachangii paa lililozeeka tu. Anachangia pia maamuzi mabaya ya wenye nyumba. Hata hivyo hilo nalo tunalijua vizuri huku kwetu, na bado tunadai mgeni alipe.

Kama mambo yangeishia hapo, ningesema bei ni halali na tufunge mjadala. Lakini ingia kwanza chumba cha Mona Lisa.

Mchoro wenyewe ni ubao wa mti wa mpopla, sentimita 77 kwa 53, ukubwa wa dirisha la bafuni. Uko nyuma ya kioo, mbele yake kuna kizuizi, na mbele ya kizuizi kuna msitu wa simu zilizoinuliwa. Huuoni uso, unaona nyuso ndogo nyingi zinazong'aa kwenye skrini za watu walio mbele yako. Mlinzi anasukuma foleni kwa mkono: haya, songa. Ukisonga, geuka nyuma, maana karibu hakuna anayegeuka. Ukuta wote wa pili umejaa mchoro wa Veronese, Harusi ya Kana, karibu mita 7 kwenda juu na karibu mita 10 kwa upana. Kuna mbwa, kuna wapiga vinanda, kuna mtu anayeichunguza divai ndani ya glasi kama mnunuzi wa karafuu anavyochambua mzigo. Mchoro huo ulitengenezwa kwa ajili ya ukumbi wa chakula wa watawa wa San Giorgio Maggiore, Venice. Mwaka 1797 jeshi la Napoleon liliushusha na kuupeleka Paris. Alipoanguka, kazi nyingi zilirudishwa Italia. Huu ukabaki, kwa maelezo kwamba ni dhaifu mno kusafiri, Venice ikapewa mchoro wa Mfaransa Le Brun kuwa fidia.

Kwa bei ya sasa, mtu wa Venice analipa euro 22 kuona cha kwao. Mtu wa Kairo anayekwenda kuitazama sanamu ya Mwandishi Aliyeketi, yule wa Saqqara mwenye macho ya jiwe yanayokufuata, analipa 32. Si kila cha Misri kilichomo Louvre kiliporwa. Vingine vilinunuliwa, vingine viligawanywa kati ya wachimbaji wa Kizungu na watawala wa wakati huo kwa taratibu za siku zile. Ila hapa ndipo mfano wa Serengeti unapovunjika. Simba wa Serengeti hakuletwa kutoka Lyon.

Kuna jambo zaidi. Mwaka 2002 makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani, Louvre ikiwemo, yalitoa tamko la pamoja kujibu madai ya kurudishiwa vitu. Kiini chake kilikuwa kwamba makumbusho ya namna hiyo hayatumikii raia wa nchi moja, yanatumikia watu wa kila taifa. Hoja nzuri, na wengine wetu tuliikubali nusunusu. Msomi akidai vitu virudi Afrika, anajibiwa kwamba hiyo ni nyumba ya ulimwengu. Sasa ulimwengu umefika mlangoni, na karani anauliza: wewe ni wa ulimwengu upi? Nyumba haiwezi kuwa ya wote siku ya kudaiwa vitu na ya Wazungu siku ya kukata tiketi. Wachague moja. Ikiwa ni ya Wafaransa, sina ugomvi na bei mbili, lakini basi mazungumzo ya kurudisha yaende kasi kuliko vile vitu 26 walivyorudishiwa Benin mwaka 2021, ilhali ripoti ya wasomi Felwine Sarr na Bénédicte Savoy ya 2018 ilihesabu takriban vitu 88,000 vya Afrika kusini mwa Sahara kwenye hazina za umma za Ufaransa, vingi vikiwa jumba la makumbusho la Quai Branly, Paris.

Wapo watakaoniambia: ndugu, ni euro 10 tu. Ni kweli, na hapa lazima tuwe wakweli. Anayefika kwenye piramidi akitokea Dar au Nairobi ameshalipa ada ya viza ya Schengen euro 90, ambayo hairudi hata ukinyimwa. Amekata bima ya safari, amepeleka taarifa za benki, amelipa ndege. Ukiweka hiyo euro 10 juu ya mlima huo, haionekani. Tajiri wa kwetu hataihisi. Mmarekani ndiyo kabisa, kwao hiyo ni sahani moja ya chakula.

Ninayemfikiria ni mwingine. Ufaransa ina vituo vya lugha vya Alliance Française Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, Arusha. Jioni madarasa yanajaa vijana wa miaka 20 wanaohangaika na ile "r" ya kooni na vitenzi visivyofuata kanuni, wengine wakilipa ada kwa awamu. Hao ndio wapenzi wa kweli wa utamaduni wa Kifaransa. Na kwao tofauti si ya 22 na 32. Louvre humwachia bure kila mkazi wa Ulaya aliye chini ya miaka 26. Kijana wa Madrid ambaye hajui neno la Kifaransa zaidi ya "merci" anaingia bila senti. Kijana wa Arusha mwenye DELF, cheti rasmi cha Kifaransa, ambaye kwa bahati au kwa ufadhili amefika Paris, analipa euro 32, shilingi 90,000 na ushee. Sifuri kwa 32. Ubaguzi huo ulikuwepo hata kabla ya Januari; bei mpya imeukoleza tu, na sijaona wengi wakiuzungumzia. Taifa linalogharimia kufundisha watu kulipenda, halafu likawatoza bei ya juu waliopenda, limekosea hesabu zake lenyewe. (Pendekezo langu la nusu mzaha: mwenye cheti cha B1, yaani Kifaransa cha kiwango cha kati, aingie kwa bei ya Mfaransa. Foleni ingepungua na madarasa yangefurika.)

Mstari wenyewe una vituko vyake ukiuchora kwenye ramani ya Bahari ya Hindi. Mayotte ni mkoa wa Ufaransa tangu 2011, na sehemu ya Umoja wa Ulaya tangu 2014. Anjouan, kisiwa cha Komoro, kiko kilomita 70 hivi kutoka hapo. Watu ni wa ukoo mmoja, dini moja, lugha zao ni za jirani kabisa na Kiswahili. Raia wa Mamoudzou, Mayotte, ni Mzungu kwa mujibu wa dirisha la tiketi, na binamu yake wa Mutsamudu, Anjouan, ni mgeni. Upande wa pili, Mkongomani wa Bukavu anayeishi Paris kihalali, anayenunua sombe yake, yaani kisamvu, mtaa wa Château Rouge, analipa 22, sharti atoe kitambulisho. Vyama vya wafanyakazi wa Louvre vililiona hilo mapema na kulipinga: mlinzi wa sanaa sasa anageuzwa mkaguzi wa karatasi. Na tunajua ni nani atakayeombwa karatasi mara mbili na nani atakayepita kwa tabasamu.

Ukitaka kuona njia nyingine, fuata Mto Seine kwa miguu uende kanisa la Notre-Dame. Baada ya moto wa tarehe 15 Aprili 2019, watu wapatao 340,000 kutoka nchi 150 walichangia ujenzi, zaidi ya euro milioni 800. Kabla ya kufunguliwa tena Desemba 2024, waziri wa utamaduni wa wakati huo, Rachida Dati, alipendekeza watalii watozwe euro 5, Kanisa likakataa. Unaingia bure, hata kama humwamini Mungu wao. Foleni ni ndefu, hakuna anayekuuliza pasipoti. Vivyo hivyo makumbusho ya Jiji la Paris: Carnavalet, inayosimulia historia ya mji wenyewe kuanzia mitumbwi ya kale hadi vibao vya maduka, na Petit Palais. Maonyesho yao ya kudumu ni bure kwa kila mtu. Ningeulizwa na kijana wa Arusha, ningemwambia aanzie huko, siku mbili nzima, kisha aamue kama Mona Lisa inastahili hizo 32. Mimi ningeilipia Harusi ya Kana, si yule dada.

Mama wa Lyon aliniandikia Januari, habari zilipotoka. Alisema ameona bei mpya, ameona aibu kidogo, na nikija Paris ile tofauti ya euro 10 ataitoa yeye. "Ni deni la simba," aliandika. Nikamjibu kwamba nashukuru sana, ila kwanza anisaidie ile barua ya mwaliko ya kuthibitishwa na ofisi ya meya, maana bila hiyo hata dirisha la tiketi silioni.