Masika Ndiyo Wakati wa Kwenda Sokoke

Ikifika Aprili, mji wetu wa Watamu, hapa Kilifi, hulala. Hoteli nyingi hufungwa, na ukimwambia mtu unatoka kwenda kutazama ndege na wanyama atakuuliza kwa nini usingoje Julai, mvua ziishe. Mimi nasema usingoje. Kama kuna wakati wa kutembea kwa miguu kati ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori la Mida, ni huu wa maleleji, kaskazi imekata na kusi haijashika, na mvua ya kwanza imeshalaza vumbi.

Wengi wetu tumekuzwa tukiamini wanyamapori wako Tsavo. Ni kitu cha kufuatwa kwa basi, kulipiwa kiingilio na kuchunguliwa dirishani. Kumbe nyuma ya Gede yuko mnyama asiyepatikana popote duniani ila katika ukanda huu wetu wa pwani ya Kenya, na wapo watu wazima waliozaliwa Gede ambao hawajamtia machoni. Huyo ni sange wa makalio ya dhahabu. Ana ukubwa wa sungura mdogo, miguu myembamba kama vijiti, pua ndefu isiyotulia, na nyuma amepakwa rangi ya njano inayong'aa hata penye kivuli. Wataalamu wanasema kwa nasaba yuko karibu na ndovu kuliko panya, na ukitazama ile pua inavyochakura majani huoni ugumu wa kuamini.

Sange hutembea mchana, kwa hiyo si lazima kukesha. Kinachotakiwa ni kimya. Mwezi wa Februari majani yaliyoanguka yamekauka na kila hatua yako inatangazwa msitu mzima. Baada ya mvua yanalainika, nawe unaweza kusogea hadi karibu. Akikushtukia hupiga mkia chini, pap, pap, kisha hutoka mbio kwa kurukaruka na ile dhahabu ikipotea vichakani. Asipokushtukia, simama palepale uangalie nyuma yake. Mara nyingi kuna ndege mdogo wa rangi ya chungwa anayemfuata hatua kwa hatua, akidokoa wadudu ambao sange amewafukua na kuwaacha. Hakuna mlinzi wala gari la watalii litakalokuonyesha jambo hilo ukiwa umekaa kwenye kiti. Linataka magoti.

Na kumbikumbi! Siku wanapotoka, baada ya mvua kubwa, ni kama nchi nzima imealikwa karamu. Mwewe wanawadaka hewani kwa kucha na kuwala hukohuko juu. Mbayuwayu, ambao wiki chache zijazo watakuwa wanajenga viota kwenye mabanda ya ng'ombe huko Ulaya, hupita chini kabisa, karibu wakupige kofi. Kima hushuka mitini, nguchiro hutoka vichakani, na watoto nao wako hapo na beseni zao. Dudumizi, ambaye wazee husema ndiye anayeita mvua, huendelea kumwaga ile sauti yake ya maji yanayotoka kwenye mtungi. Mimi humwamini.

Lakini mahali panaponishika zaidi ni Mida. Huku kwetu hatuna majira ya kuchipua kama ya watu wa kaskazini, walakini majira yao huanzia kwenye tope letu. Wale ndege wadogo wa ufukweni, wenye midomo mirefu iliyopinda, ambao tangu Septemba walikuwa wa kijivu kiasi kwamba huwezi kumtofautisha mmoja na mwenzake, mwezi Machi huanza kubadilika. Kifua kinapata doa la rangi ya tofali, kisha mawili, hadi kufikia katikati ya Aprili yuko aliyegeuka mwekundu wote. Wanakula bila kupumzika, wanajaza mafuta, kwa sababu safari yao ni hadi Siberia, na wanatakiwa wafike theluji inapoyeyuka. Ndege mwenyewe hafiki gramu 100. Pembeni yao kuna yule mla kaa mkubwa, mweusi kwa mweupe, mwenye mdomo mnene. Yeye huenda kuzaa kwenye mashimo anayochimba mchangani, katika fukwe za Omani na visiwa vya Ghuba. Anaondoka majira yaleyale ambayo majahazi ya zamani yalikuwa yakitweka tanga kurudi Maskati. Nenda maji yakianza kujaa, kwani bahari huwasukuma hadi karibu nawe, na huhitaji darubini ya bei.

Najua jibu ninalopewa na majirani. Aliyelala macho mwezi mzima akifukuza nyani kwenye mahindi hana hamu ya kuwatazama tena Jumapili. Aliyeibiwa vifaranga na nguchiro halikadhalika. Siwalaumu, na sitaki mtu wa mjini aje kuwahubiria. Lakini hasara hizo haziletwi na sange, wala na yule bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 17 hivi, anayelala mchana kwenye vichaka vya udongo mwekundu akiwa amejibana na mwenzake kwenye tawi moja. Huyo tumemtwisha uchuro wa ukoo wake wote. Mtu akimwona mara moja tu, macho nusu wazi, manyoya yamevimba kwa unyevu wa mvua, sidhani atamtupia jiwe. Na mitego ya nyaya inayotegewa paa ndiyo inayomnasa sange pia, ambaye hata nyama hana ya kutosha mtu mmoja.

Tena wanaoishi karibu ndio wanaoweza kujua mambo. Ndege aitwaye mnana wa Kilifi alitambuliwa na wanasayansi mwaka 1913. Anapatikana katika kaunti hii tu, na kwa miaka 100 hakuna aliyejua anajenga wapi kiota. Wataalamu walikuja, wakatafuta, wakarudi makwao. Viota vilipatikana mwaka 2013 katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki, na wanakikundi wa uhifadhi wa palepale walikuwa miongoni mwa waliovigundua. Kinamasi kile hujaa maji mvua zikinyesha, kisha hukauka. Anayekuja Julai anakuta nyasi.

Ndiyo maana nakasirika nikiona shule zilizo kando ya msitu, kuanzia Mijomboni hadi Jilore, zikichangisha wazazi pesa za basi la Tsavo, watoto wakaone mgongo wa simba mmoja kutoka mbali, ilhali hawajawahi kuvuka barabara kuingia Sokoke. Tsavo ni nzuri, waende. Ila waanze na hapa. Gredi ya tano ipelekwe asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, makundi madogo ya watoto wanane au kumi, pamoja na muongozaji kutoka kituo cha msitu cha Gede, maana ndani kuna ndovu na si mahali pa kubahatisha. Jioni maji yakijaa wapite kwenye daraja la mikokoni Mida. Kiingilio cha pale kinasaidia mpango wa ASSETS wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, unaolipia karo wanafunzi wa sekondari wa vijiji vinavyopakana na msitu, kwa hiyo shilingi ya mtoto wa msingi inarudi kwa kaka yake. Mwalimu abebe daftari, kila mtoto aandike alichokiona na mahali alipokiona, na mwaka unaofuata darasa jingine liende na daftari lilelile.