Lakabu za safu: Mmachinga yupi?

Mtaje Mmachinga ukiwa Lindi, msikilizaji anaweza kuelewa mtu wa kabila la Wamachinga. Mtaje ukiwa Kariakoo, ni muuza bidhaa wa barabarani, hata kama kwao ni Mbeya. Lakabu za safu, yaani majina ya muda tunayozipa safu za majibu kwenye kwiri (maswali) za SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, zina tabia hiyohiyo, na ndiyo maana siungani na wanaozipachika kila mahali.

Faida yake haina ubishi. Chama cha msingi kinachouza korosho kwa stakabadhi ghalani kinataka kuona malipo ya mkulima. Ukiandika kilo * bei - makato bila lakabu, PostgreSQL, mmoja wa mifumo ya hifadhidata, inaipa safu hiyo jina la ?column?. Nani atasaini karatasi ya hivyo? Ongeza AS malipo, mambo yameisha.

Kero ya kwanza ni ndogo: WHERE malipo > 1000000 inakataliwa na PostgreSQL na mfumo mwenzake MySQL pia, kwa sababu WHERE huchuja mistari kabla SELECT, sehemu inayochagua safu, haijatoa majina. Unamwita mtoto ambaye hajapewa jina. Unarudia hesabu, basi. (Mfumo mwingine, SQLite, unakubali, ndiyo maana waliojifunzia huko hushangaa.)

Kosa la kimya ndilo linaloniogopesha. Tuseme makarani wameandika jina la ghala moja "Mtama" na "mtama", nawe unasafisha kwa UPPER, inayogeuza herufi zote kuwa kubwa, kisha unajumlisha kilo (SUM) kwa kila ghala (GROUP BY):

SELECT UPPER(ghala) AS ghala, SUM(kilo) FROM mapokezi GROUP BY ghala

PostgreSQL ikikuta jina linagongana kwenye GROUP BY, inachukua safu ya jedwali; kwenye ORDER BY, inayopanga mistari, inachukua lakabu. Kwa hiyo MTAMA itatokea mara mbili, kila mstari na kilo zake, bila onyo lolote. Mmachinga yupi? Ungeiita ghala_safi, kisha GROUP BY ghala_safi, ungepata mstari mmoja.

Wapo wanaosema neno AS lenyewe ni pambo tu, maana mifumo mingi inakubali lakabu bila hilo. Kwangu hapo ndipo hoja yao inapoanguka. Sahau koma moja:

SELECT mkulima, kilo bei FROM mapokezi

Kompyuta haigomi. Inadhani bei ni lakabu ya kilo, na aliyepima kilo 640 anaonekana kauza kwa bei ya 640. Ofisi iliyozoea kuandika AS kila mara, jicho linaushtukia mstari huo papo hapo. Isiyozoea itaambiwa na mkulima mwenyewe, amesimama dirishani na risiti yake ya mizani mkononi.